Bidhaa na Ndugu Zake

Ndugu Wanachama,

Msimu wa karafuu ukiisha, na vyeti vya kupimia vimekwisha hesabiwa, wengi wetu hugeukia mazao mengine ya shamba: pilipili manga, mdalasini, manjano, hiliki na machungwa. Mazao hayo twayapeleka Dar es Salaam, na njia yake ni ile ile siku zote: bandarini kwanza, kisha Kariakoo. Baada ya siku chache hurudi karatasi. Moja imeandikwa "nimepokea mzigo", ya pili "bidhaa zimefika", ya tatu "nimechukua mali". Nyingine haisemi kitu ila idadi ya magunia. Ndipo wanachama huja afisini kutuuliza: Je, maneno haya si mamoja?

Jibu letu ni kwamba ni ndugu, lakini si pacha. Barazani mtu aweza kulitaja hili mahali pa lile na wala hapana atakayepata hasara. Katika karatasi sivyo. Kila neno katika haya lajibu swali lake, na mtu akiuliza swali la neno moja akajibiwa kwa neno jingine, huenda akagundua siku ya hasara kwamba hana alichokiandika. Kwa hiyo tumeona yafaa tuyafungue maneno haya moja moja, ili kila mmoja wetu ajue analotia sahihi.

BIDHAA

Neno hili tumelipata kwa Waarabu, na asili yake ni kukata. Bidhaa ni kile kipande ambacho mtu amekikata katika mali yake akakitoa kwenda kufanyia biashara. Waliosoma chuoni watalikumbuka katika Sura ya Yusuf. Wasafiri waliomtoa Nabii Yusuf kisimani walimficha wakamfanya bidhaa. Mbele katika sura hiyo hiyo nduguze wanakwenda Misri na bidhaa yao ili wapate chakula, nayo ikarudishwa kwa siri ndani ya mizigo yao, wasijue mpaka walipofika kwao wakafungua. Tazama basi: mzigo ulikuwa kitu kimoja, na bidhaa iliyofichwa ndani yake ilikuwa kitu kingine.

Kisa hicho chatufundisha jambo jingine, sisi watu wa visiwani ambao mashamba yetu ya zamani yalipandwa na kuchumwa kwa jasho la watumwa. Soko la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka mwaka 1873. Binadamu hakuzaliwa bidhaa. Alifanywa bidhaa na waliotaka kumwuza. Ndiyo maana ya neno lenyewe. Hapana kitu ambacho ni bidhaa kwa umbo lake. Mkungu wa ndizi uliotundikwa jikoni ni chakula, na mkungu uliofungwa kupelekwa sokoni ni bidhaa. Kinachobadilika ni nia ya mwenyewe.

Basi neno bidhaa lajibu swali hili: Kitu hiki ni cha kufanyiwa nini? Nacho ni cha kuuzwa. Halisemi ni cha nani, wala halisemi kimekwisha lipwa au bado. Tuongeze pia kwamba umoja wake na wingi wake ni sawa: bidhaa hii, bidhaa hizi. "Mabidhaa" si Kiswahili.

ZAO, MALIGHAFI NA MAGENDO

Kabla ya kuwa bidhaa, kitu chetu ni zao, na zao ni jina la shambani. Linapokwenda kiwandani ili ligeuzwe liwe kitu kingine, huitwa malighafi, yaani mali ambayo bado haijatengenezwa. Makonyo yetu ni mfano mzuri. Kwa mwenye kuanika ni masalio ya karafuu, lakini yakifika katika kiwanda cha Wawi, Pemba, ni malighafi ya kukamulia mafuta. Vivyo hivyo karafuu kavu: kwetu ni bidhaa iliyokwisha kamilika, na kwa watengenezaji wa sigara za karafuu wa Indonesia ni malighafi. Neno hilo "ghafi" mtalikuta pia katika mizani. Uzito ghafi ni uzito wa kitu pamoja na gunia lake, na uzito halisi ni wa kitu chenyewe. Anayelipwa kwa uzito halisi huku akidhani amelipwa kwa uzito ghafi hataacha kuona kwamba ameibiwa, kumbe hakuibiwa.

Lipo jina jingine la karafuu ambalo hatutaki lisikike katika chama chetu. Karafuu za Unguja na Pemba mnunuzi wake ni Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, ZSTC. Gunia lile lile lililopelekwa kituoni mchana ni bidhaa halali. Likipakiwa usiku katika mashua isiyopita forodhani, jina lake ni magendo. Kwa hiyo haya tunayoyaeleza ya Kariakoo hayahusu karafuu zetu, yahusu mazao yale mengine.

MZIGO

Hili ni neno letu wenyewe la Kibantu, na maana yake ni kitu kinachochukuliwa: kichwani, begani, mgongoni mwa punda, au katika gari. Kuni ni mzigo, na nguo za bibi harusi ni mzigo. Hata deni huitwa mzigo, kwa kuwa lamlemea mwenyewe.

Pale Kariakoo neno hili limestawi kuliko yote. Mwenye duka akisema "mzigo umeingia", ana maana kwamba amepata vitu vipya vya kuuza. Akisema "nifungie mzigo", ataka vitu vya bei ya jumla vifungwe tayari kusafirishwa mikoani. Wala si ajabu, maana mtaa wenyewe umepewa jina na wachukuzi wa mizigo. Waingereza walipouchukua mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, waliwaweka mahali hapo watu wa kikosi cha wapagazi, kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Watu walilitamka jina hilo kwa ulimi wao, nalo likawa Kariakoo. Wapagazi hao waliwachukulia askari chakula na risasi kwa miguu, na wengi wao walikufa kwa njaa na maradhi. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mwenye mali ile aliyoichukua.

Hapo ndipo penye maana ya mzigo. Neno hili lajibu swali: Nani anachukua, na kinachochukuliwa ni nini? Hamali wa gatini ana mzigo, na mwenye gari ana mzigo, wala si wenyewe. Mtu wa Kariakoo akiandika "nimepokea mzigo wa magunia 10", amekiri jambo moja tu, kwamba magunia 10 yamefika mkononi mwake. Hakukiri kwamba ameyanunua. Hakukiri kwamba atalipa, wala siku ya kulipa, wala bei.

SHEHENA

Shehena ni mzigo wa chombo: jahazi, meli, na siku hizi hata gari kubwa na treni. Nalo limetoka katika Kiarabu, katika neno la kupakia na kujaza. Kila asomaye Yasini hulipita neno la jamaa hiyo pale panapotajwa jahazi lililosheheni. Gunia moja haliitwi shehena. Magunia yako 10 pamoja na ya wenzako 200, yakiwa yamepangwa tumboni mwa chombo, ndiyo shehena, na msimamizi wake ni nahodha.

Katika bandari ya Dar es Salaam neno hili ndilo la afisini. Vitu vinavyomiminwa bila kufungwa, kama ngano na mbolea, huitwa shehena ya kichele. Vilivyofungwa kwa namna mbalimbali huitwa shehena mchanganyiko. Na vilivyotiwa katika makasha ya chuma ni shehena ya makontena. Zamani meli kubwa zilitia nanga katikati ya bandari, na shehena ikashushwa katika matishali ndipo iletwe pwani. Mwaka 1956 zilifunguliwa gati za kina kirefu, meli zikaanza kufunga ubavuni mwa nchi kavu, na mkono mmoja ukapungua katika safari ya mzigo. Hilo lilikuwa jema, kwa kuwa kila mkono unaopokea huweza kupunguza.

Shehena lajibu swali: Kitu kimo katika chombo gani, na nani anakidhamini safarini? Kwa hiyo karatasi ya chombo ni muhimu sana. Mwenye kupeleka kwa meli za mbali hupewa hati ya shehena, na mwenye hati hiyo ndiye aliye na haki ya kudai vitu meli inapofika. Sisi tunaovuka mkono huu wa bahari tu mara nyingi hupewa stakabadhi ya kawaida. Nayo ihifadhiwe. Isomwe kabla ya chombo kung'oa nanga, na idadi ilinganishwe na magunia yaliyopakiwa, si na magunia yaliyotoka shambani.

MALI

Sasa twafika kwa mkubwa wao. Mali pia tumeipata katika Kiarabu, na maana yake ni kitu chenye mwenyewe. Nyumba ni mali, mikarafuu ni mali, fedha ni mali. Wazee wetu waliposema rasilmali walikuwa na maana ya kichwa cha mali, yaani ile fedha ya kwanza ambayo faida huzaliwa kwayo. Siku hizi watu hupenda kuiita mtaji, na rasilimali wameipeleka kwenye misitu, madini na bahari.

Mali ndilo neno pekee katika haya manne linalojibu swali: Ni cha nani? Na hilo ndilo swali litakaloulizwa siku ya hasara.

Katika nchi yetu yako mazao ambayo swali hili limekwisha tafutiwa njia. Sheria ya mwaka 2005 iliweka utaratibu wa stakabadhi za ghala, ambao wakulima wa korosho wa kusini waujua sana. Korosho hukaa ghalani kwa mtu mwingine, lakini karatasi yasema ni za nani. Mzigo uko huku na mali iko kule, wala hapana ugomvi, maana imeandikwa.

MALI KAULI

Kariakoo lakini yako maneno mawili yanayotembea kila siku bila karatasi, nayo ni "mali kauli". Kauli ni usemi. Mali kauli ni mali iliyotolewa kwa usemi tu: chukua sasa, uza, kisha niletee fedha. Vijana wengi wasio na mtaji wameanzia hapo, wakachukua nguo au viatu asubuhi na kurudisha fedha jioni. Sisi hatuwalaumu, wala hatusemi desturi hii ni mbaya. Imesimama juu ya uaminifu, na bila uaminifu hapana soko.

Lakini usemi huu una maana mbili. Mmoja akisema mali kauli anaelewa kwamba amekopesha: vitu vimekwisha kuwa vya yule aliyechukua, na kilichobaki ni deni. Mwenzake anaelewa kwamba amepewa vitu ajaribu kuviuza, na visipotoka atavirudisha. Wote wawili hukubali, hupeana mikono, na kila mmoja huenda na maana yake moyoni. Biashara ikienda vizuri, tofauti hiyo haionekani kabisa.

Tufanye hesabu ili jambo lionekane. Tuseme mwanachama amepeleka magunia 10 ya pilipili manga, kila gunia kilo 50, na bei, kwa mfano tu, ni shilingi 10,000 kwa kilo. Jumla ni kilo 500, yaani shilingi 5,000,000. Mwenye duka ameuza magunia 6. Magunia 4 yako stoo, na usiku stoo ikashika moto.

Kama mwanachama aliuza kwa mkopo, magunia yote 10 yalikwisha kuwa mali ya mwenye duka. Moto umeunguza mali yake, na deni la shilingi 5,000,000 liko pale pale.

Kama alimpa kwa masharti ya kuuza au kurudisha, yale magunia 6 yana deni la shilingi 3,000,000. Yale 4, ikiwa muda waliopatana ulikuwa haujaisha, yalikuwa bado ya mwanachama, na hasara ya shilingi 2,000,000 ni yake. Lakini muda ukiwa umepita na mwenye duka hakurudisha wala hakutoa habari, huhesabiwa kwamba amekwisha nunua, na hasara yarudi kwake.

Kama aliyaweka kwake amana tu, ili amwuzie kwa niaba, magunia 4 ni ya mwanachama na hasara ni yake, isipokuwa aweze kuonyesha kwamba aliyewekewa alifanya uzembe.

Haya hatukuyatunga sisi. Sheria ya mauzo ya bidhaa inayotumika Tanzania Bara ilifuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, na misingi yake ni hiyo: mali huhama wakati ule waliokusudia muuzaji na mnunuzi, na hatari hufuatana na mali, ila kama wamepatana vingine. Mahakama itatafuta mlikusudia nini. Kama mliandika "mzigo" tu, itabidi kukisia.

Wala mfano wa moto si wa kutishana. Soko Kuu la Kariakoo, lile jengo lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua usiku wa tarehe 10 Julai, 2021, na wafanyabiashara wengi wakapoteza vitu vyao. Tarehe 16 Novemba, 2024, jengo la ghorofa la maduka lilianguka pale pale Kariakoo. Watu walikufa, Mungu awarehemu, na vitu vilivyokuwamo vikafunikwa na kifusi. Siku kama hiyo mtu wa kwanza kufikiriwa ni aliye chini ya matofali, na ndivyo ipasavyo. Lakini zikipita siku, huja swali lile: Vilikuwa vya nani? Na mkulima aliye ng'ambo ya bahari, ambaye hakuuona moto wala vumbi, yeye naye ana jibu lake la kutafuta.

TUFANYE NINI?

Dini yetu imetutangulia katika jambo hili. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, waumini wameamrishwa kuandika deni lenye muda, dogo au kubwa, na kuweka mashahidi. Biashara ya mkono kwa mkono imeruhusiwa isiandikwe. Basi mali kauli, ambayo malipo yake yangojea kesho, iko upande upi? Kila mtu aweza kujijibu. Na wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo twawaomba wanachama, kabla gunia halijatoka mkononi, waandike mambo matano katika karatasi mbili zinazofanana, moja ya kila upande:

1. Kitu chenyewe, idadi ya magunia, na uzito, pamoja na kutaja kama ni ghafi au halisi.

2. Bei ya kila kilo.

3. Mali ni ya nani tangu leo. Neno moja latosha: "nimenunua", au "nimechukua kwa kuuza au kurudisha", au "nimewekewa amana".

4. Siku ya kulipa au ya kurudisha.

5. Vikiungua, vikilowa au vikiibiwa, hasara ni ya nani.

Kisha sahihi mbili na mashahidi wawili. Asiyejua kuandika aje afisini, tutamwandikia bila ya malipo. Na kama mwenzako wa Kariakoo atachukia kwa kuombwa sahihi, mwambie kwa upole kwamba karatasi hiyo yamlinda yeye kama ikulindavyo wewe. Kesho mwanao au mwanawe ndiye atakayedai, na yeye hakuwapo mlipopeana mikono.

Basi mtu akikuuliza tena kama bidhaa, mzigo, shehena na mali ni mamoja, mwambie hivi: bidhaa ni cha kuuzwa, mzigo ni cha kuchukuliwa, shehena ni cha chomboni, na mali ni chako mpaka utakaposema si chako. Na ukisema, andika.

Katibu